Telefone ndogo na ngumu: historia yake, na juu ya nini mimi niko nayo mpaka leo



Kwenye ukurasa huu tumesoma mara nyingi historia ya vita, ya mikataba na ya marais. Leo naleta historia ya kitu kidogo: telefone. Na sana sana ile telefone ndogo, ngumu, ambayo wazazi wetu walikuwa nayo, ikapotea mikononi mwetu sisi wasomi, na ambayo mimi nimeirudilia katika sura yake mpya, ya androidi, tangu mwaka 2020 hapa Goma.

Maswali yangu ni mawili. Kama telefone ndogo na ngumu ililingana vizuri hivi na maisha yetu, juu ya nini ilipotea? Na mtu akiirudilia leo, anapata kweli kile kilichokuwepo zamani?

1. Mwanzo ulikuwa wa tofali

Tarehe 3 Aprili 1973, mjini New York, injinia Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani akaita mtu kwa telefone ya mkononi isiyo na waya. Ilichukua miaka 10 mpaka telefone ya namna hiyo, DynaTAC 8000X, iruhusiwe kuuzwa Marekani, mwaka 1983. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 800 na bei yake dola 3,995. Watu waliifananisha na tofali, na hawakukosea.

Sisi hatukuchelewa kama wengi wanavyofikiri. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Zaire ya Mobutu, Miko Rwayitare alianzisha Telecel mjini Kinshasa, moja ya kampuni za kwanza za telefone ya mkononi katika Afrika nzima. Nyaya za serikali zilikuwa zimeoza, na mtu aliyetaka kuongea na mwenzake upande wa pili wa mji alipaswa kuwa na feza nyingi. Minista alikuwa nayo, balozi alikuwa nayo, mfanyabiashara mkubwa alikuwa nayo. Mwalimu, muganga na mkulima hawakuhesabiwa. Kwa hiyo telefone ya kwanza kwetu ilikuwa alama ya ukubwa, na tutaona kwamba fikra hiyo haijatutoka mpaka leo.

2. Udogo ulitoka katika udongo

Ili tofali ligeuke kitu cha kuingia mfukoni, vipande vya ndani vilipaswa kupungua. Kimoja kati ya vipande hivyo kinaitwa kapasita: ni kidude kinachoweka umeme kwa muda mfupi na kuutoa pale unapohitajika. Kapasita iliyotengenezwa kwa tantali inaweka umeme mwingi katika nafasi ndogo sana. Na tantali, ndugu zangu, inatoka katika koltani.

Mwisho wa mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda duniani kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Vita vilikuwa vinaendelea kwetu tangu 1998. Kule Masisi na Walikale watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba, wenye silaha wakaja nyuma yao, na ndege zikapakia magunia. Mwaka 2001 bei ikaanguka, lakini silaha hazikuondoka pamoja na bei. Njo maana mimi nikisikia mtu wa mbali anasifu namna telefone zilivyofanywa kuwa ndogo na nyepesi, ninajiambia kwamba sehemu ya udogo ule ilitoka katika udongo huu wetu, na tuliulipia.

3. Miaka ya telefone ya tochi

Mwezi wa 9 mwaka 2000 Nokia ilitoa 3310, yenye gramu 133. Ziliuzwa karibu milioni 126. Katika mwaka huohuo wa 2000 Celtel ilianza kazi Kongo, na Vodacom ikafuata mwaka 2002. Halafu mwaka 2003 ikaja ile ambayo wengi wetu tuliikuta nyumbani tukiwa watoto: Nokia 1100. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na mpaka leo iko kati ya telefone zilizouzwa kuliko zote duniani.

Tuiangalie kama watu wa historia, si kama watu wa kukumbuka utoto tu. Nokia 1100 ilifikiriwa kwa ajili ya nchi kama yetu. Vidonyeo vyake vilifunikwa na mpira mmoja ili vumbi lisiingie. Pembeni ilikuwa na mikwaruzo ili isiteleze katika mkono wenye jasho. Juu yake ilikuwa na tochi. Kioo chake kidogo, kisicho na rangi, kilikula umeme kidogo sana, na kampuni ilisema kwamba inaweza kungoja simu mpaka saa 400. Kwa mji ambao umeme unakuja kama mgeni, hiyo haikuwa anasa.

Na maisha yakajipanga kuizunguka. Mama aliifunga katika ncha ya kitenge, fasi ileile anayofunga feza. Vijana wakafungua kabine chini ya mwavuli, meza moja na telefone mbili, ukaongea kwa dakika. Aliyekosa unite alibipa: mlio mmoja ni "nimefika", milio miwili ni "nipigie". Asiye na umeme nyumbani alilipa franga kidogo kwenye kibanda cha kuchaji, akarudi jioni kuichukua.

Hapa Goma ugumu ulikuwa na maana yake ya pekee. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tulijenga upya juu ya mawe yaleyale. Mwenye kuangusha telefone Goma hazungumzi juu ya kuiangusha kwenye zulia: inaanguka kwenye jiwe jeusi lenye meno. Ile Nokia ilianguka, ikagawanyika mara tatu (mfuniko huku, betri kule), ukaokota vipande, ukaunganisha, ukaendelea na maneno yako.

4. Juu ya nini ilipotea?

Wengine wanasema: "Ni maendeleo tu." Jibu hilo ni la uvivu. Kuna sababu, na tunaweza kuzitaja.

Ya kwanza: kazi ya telefone ilibadilika. Mwaka 2007 Apple ilitoa iPhone ya kwanza, kioo chake inchi 3.5, bila vidonyeo vya namba. Tangu siku ile uso wa telefone ukawa kioo kitupu, na telefone ikaanza kuwa chombo cha kutazama zaidi ya kuongea. Chombo cha kutazama kinavutwa siku zote kuelekea ukubwa.

Ya pili: mwili mkubwa una nafasi ya betri kubwa na kamera nyingi. Mwaka 2011 Samsung ilitoa Galaxy Note ya inchi 5.3, na watu wakaicheka kwa kuwa mtu aliyeiweka sikioni alionekana kama ameshika sahani. Kicheko hakikudumu. Mwaka 2014 Apple yenyewe ilifuata na inchi 4.7 na 5.5. Ilijaribu kurudi nyuma kidogo kwa mini ya inchi 5.4 mwaka 2020 na 2021, lakini mwaka 2022 hakukuwa na mini tena.

Ya tatu: biashara ya macho. Kadiri unavyokaa mbele ya kioo, ndivyo matangazo yanavyouzwa. Hakuna anayepata faida ukiangalia saa na kurudisha telefone mfukoni.

Ya nne ni yetu sisi wenyewe, na inatoka kule kwenye tofali la minista. Telefone kubwa inasema kwamba mwenyewe ni mkubwa. Telefone za Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni moja ya Shenzhen, Transsion, zilileta kioo kikubwa na SIM mbili kwa bei ambayo finalisti anaweza kuijaribu. Ni jambo jema, sikatai. Lakini angalia nani kati yetu anakula mara moja kwa siku ili amalize kulipa kioo cha inchi 6.

5. Ndogo imerudi

Mwaka 2017 kampuni ya Unihertz ya Shanghai iliomba watu wachangie feza kupitia Kickstarter ili itengeneze Jelly, androidi yenye kioo cha inchi 2.45. Mwaka 2018 ikafuata na Atom: kioo kilekile cha inchi 2.45, gramu 108, urefu wa milimita 96. Kwa hiyo ni fupi na nyepesi kuliko Nokia 3310, lakini ndani yake kuna kumbukumbu ya giga 64. Ina alama ya IP68. Namba 6 inasema vumbi haliingii kabisa. Namba 8 inasema inavumilia kuzama katika maji zaidi ya mita moja, kwa masharti ambayo mtengenezaji ameandika.

Yangu si Jelly wala Atom. Ni ndugu yao wa jamii ileile, na chapa yake haina kazi hapa. Binamu yangu anayeishi Ubelgiji aliichoka akanitumia. Mara ya kwanza nilipoitoa kwenye kundi la wenzangu, mmoja akasema: "Weye, hii iko telefone ao iko kiberiti?" Mwingine: "Mutu wa lisanse na telefone ya mutoto!" Nilicheka nao. Ndani ya moto yenye watu watatu, mvua ikinyesha, hakuna aliyecheka: wao walikuwa wanatafuta mufuko wa plastiki, mimi nilikuwa napokea simu.

Maisha ya kila siku na telefone hiyo yako hivi. Kuongea: hakuna shida. Kutuma feza: M-Pesa, iliyofika Kongo mwaka 2012, inaenda kwa namba za nyota na reli, na hizo hazihitaji kioo kikubwa. WhatsApp: ninasoma vizuri, lakini kuandika ni taabu. Kidole kimoja kinafunika herufi tatu. Kwa hiyo natuma sauti, ao naandika maneno machache. Marafiki wananiambia nimekuwa mtu wa jibu fupi kama telegramu. Kutazama video: dakika mbili, macho yanachoka, naweka chini. Hapo njo nilipata faida ambayo sikuitafuta. Usiku nasoma kitabu kwa kuwa telefone yangu hainiiti.

Lakini niseme ukweli wote. Mtu anayetafuta kazi leo anatumiwa tangazo la PDF lenye kurasa 12, na anatakiwa kujaza fomu mtandaoni kabla ya saa 10. Kwa kioo cha kiganja huwezi. Mimi naenda sekretaria ya mtaa, nalipa, najaza kwa kompyuta. Aliye na telefone kubwa anamaliza akiwa kitandani. Kijana mwenye telefone moja tu, bila kompyuta ya kuazima, asinifuate mimi.

6. Mei 2021

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ya Goma ilikuwa nyekundu. Mwaka 2002 watu wengi walipata habari kwa macho yao na kwa kelele za jirani. Mwaka 2021 zilikuja kwanza kwa WhatsApp, za kweli na za uongo zikiwa zimefungwa pamoja. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 tukaambiwa tuhame sehemu kubwa ya mji, na barabara ya Sake ikajaa.

Familia yetu iligawanyika. Shangazi na mdogo wangu walivuka kwenda Gisenyi; mimi na mama tulishika njia ya Sake, karibu kilomita 25, kwa miguu zaidi kuliko kwa gari. Mvua ikatukuta njiani. Telefone yangu ilikaa ndani ya shati, kwenye ngozi. Nilifunga mega, nikaacha simu peke yake, na kila baada ya saa mbili mdogo wangu alibipa mara moja, kama zamani: "tuko wazima". Pembeni yangu niliona vijana wenye androidi nzuri kuliko yangu wakiomba kila nyumba: "Mama, muko na umeme?" Mtu anayemtafuta mtoto wake na betri imekufa, hutamsahau uso wake.

Yangu ilifika kesho yake mchana, halafu ikazimika. Iliyobaki hai ilikuwa ya mama, ile ya vidonyeo na tochi, ya dola chache. Ilikaa siku tatu. Usiku tulitumia tochi yake, mchana tukatumia namba zake. Kwa hiyo sisemi kwamba androidi ndogo ni mukombozi. Katika safari ile ilikuwa ya pili.

7. Ugumu ulikaa wapi?

Baada ya miaka minne betri ya telefone yangu ilichoka. Nilienda Birere, kwa mafundi ambao nawaheshimu kama maprofesa. Fundi akaizungusha mikononi, akatafuta fasi ya kuifungua, hakuona. Imefungwa kwa gundi ili maji yasiingie. Akaniambia: "Naweza kufungua, lakini nikifungua, maji itakuwa adui yake. Na betri yake sinayo." Nilingoja miezi, betri ikaja na msafiri, fundi akaifungua kwa moto na subira. Inafanya kazi. Lakini sasa mvua ikinyesha na mimi pia natafuta mufuko wa plastiki.

Hapo njo nilielewa jibu la swali langu la pili. Kuna ugumu wa aina mbili. Wa kwanza ni kutovunjika. Wa pili ni kutengenezeka. Androidi ngumu za leo ziko na wa kwanza, tena zimeuongeza. Nokia 1100 ilikuwa na yote mawili. Betri yake, BL-5C, uliitoa kwa kucha. Betri hiyohiyo iliingia katika telefone nyingi, baadaye hata katika redio ndogo za sokoni. Kioo chake na mfuniko wake vilikuwa kwenye kila meza ya fundi. Nusu ya ugumu wa ile telefone ilikaa Birere, mikononi mwa watu wetu, na haikuandikwa kwenye boksi.

Fikirini chukudu. Haina alama ya IP. Ni mbao, misumari na mpira wa tairi la zamani. Inabeba makaa na viazi kutoka mlimani miaka na miaka, kwa kuwa ikivunjika Kibumba inatengenezwa Kibumba. Hatuiti chukudu ngumu juu haivunjiki. Tunaiita ngumu juu inarudi barabarani.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kwamba, kuanzia 2027, mwenye chombo kidogo cha umeme aweze kutoa betri yake na kuweka nyingine, ingawa kuna vipengele vya kuachilia baadhi. Nilipoisoma nilitabasamu. Wanaandika kwa sheria kile ambacho mama zetu walifanya kwa kucha mwaka 2005. Na sisi, ambao koltani inatoka kwetu, ambao kobalti ya betri inachimbwa Kolwezi, ambao tunatoa sehemu kubwa kuliko nchi yoyote ya kobalti ya dunia, hatujaweka sharti lolote la namna hiyo mpakani. Wanasheria wako humu. Wachumi wako humu. Mainjinia wako humu. Telefone inayodumu miaka sita badala ya miwili ni mashimo machache kule Rubaya, na ni feza ya minervali iliyobaki nyumbani.

Siwaambii mununue ndogo. Ninawaomba, kabla ya kuuliza kioo ni inchi ngapi, muulize mambo mawili kwa muuzaji: ikianguka kwenye lava, itakuwaje? Na ikivunjika, nani hapa mjini ataitengeneza? Akinyamaza kwa la pili, bei yake si ile aliyokutajia.

Na kazi ya nyumbani, kama ilivyo desturi yetu: muulizeni papa ao mama telefone ya kwanza ya nyumba ilikuwa gani, ilinunuliwa mwaka gani, kwa feza ya nini, na iko wapi leo. Andikeni hapa chini. Historia ya Kongo ya miaka 25 iliyopita iko ndani ya zile droo.